Siku mbili Hifadhi ya Taifa ya Arusha: maziwa kwanza, kilele kisubiri

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mwezi wa Agosti tutakuwa Arusha kwa harusi, na baada ya harusi tunabaki na siku mbili kamili. Nataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha na mama yangu, ambaye ana miaka 66 na magoti yanamsumbua, pamoja na binti yangu wa darasa la sita anayesoma habari za volkano shuleni. Kaka yangu ni mkimbiaji, na ameshikilia kwamba atapanda Mlima Meru hadi kileleni ndani ya siku hizo hizo mbili. Shemeji yangu anasema tusipoteze fedha kwa sababu hifadhi ile haina simba, bora twende Tarangire. Tufanyeje? Na huo mlima, si unaweza kulipuka tukiwa pale?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nendeni Hifadhi ya Arusha, siku zote mbili, na kaka yako akiache kilele kwa safari nyingine. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na shemeji kwa sababu hoja yake ndiyo inayowazuia watu wengi.

Ni kweli, simba hawapo. Chui wapo ila hawaonekani kirahisi, na tembo hukutana nao mwenye bahati, hasa karibu na msitu. Aliyedhamiria kuona simba na aende Tarangire au Serengeti, hatakosea. Lakini kukosekana kwa simba ni sababu mojawapo inayoifanya hifadhi hii iwe rahisi kutembelewa kwa miguu. Mnashuka kwenye gari langoni Momella, mnapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, mnaanza kutembea kwenye majani mafupi huku twiga wakiwatazama kutoka umbali ambao ukiwa ndani ya gari ungeuona wa kawaida. Ukiwa chini, na miguu yako ikiwa kwenye udongo uleule anaokanyaga twiga, si wa kawaida hata kidogo. Binti yako ataukumbuka mwendo ule kuliko simba aliyelala kivulini na magari kumi yamemzunguka.

Pia niseme wazi kwamba hii si hifadhi ya kuhesabu wanyama. Hii ni hifadhi ya kusoma ardhi, na ukiingia ukijua unachosoma, hata kilima kidogo cha kando ya barabara kinakuwa na habari. Kwa hiyo kabla ya ratiba, nikuambie kilichotokea pale.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Mkiwa harusini mjini Arusha mtauona vizuri, umesimama kama pembe tatu iliyokamilika. Kumbe mjini mnautazama mgongoni. Zungukeni upande wa mashariki, upande wa Momella, na mtaona kwamba mlima ule hauna kifua. Upande wake wote wa mashariki haupo. Kilichobaki ni ukuta mrefu uliojipinda kwa umbo la kiatu cha farasi, na kuta zake za ndani zinashuka wima kwa zaidi ya mita elfu moja.

Haukuliwa na mvua kidogo kidogo. Uliporomoka. Mlima wa volkano wa aina hii hujengwa kwa tabaka: lava, majivu, mawe yaliyorushwa, lava tena, majivu tena. Kwa nje unaonekana imara, ila ndani tabaka hizo hazijashikana vizuri, na joto, gesi na maji ya moto vinavyopita kwenye nyufa huulegeza mwamba na kuugeuza kuwa udongo laini. Mlima unaendelea kurefuka, uzito unaongezeka, halafu siku moja ubavu unashindwa. Kwa Meru, ilitokea maelfu ya miaka iliyopita, ambayo kwa umri wa mlima ni jana tu. Ubavu wa mashariki uliachia, na mwamba, matope na maji vikateremka kwa pamoja kuelekea Kilimanjaro, vikaifunika tambarare iliyo katikati ya milima hiyo miwili kwa eneo la mamia ya kilomita za mraba.

Sasa uje kwenye maziwa, maana hapa ndipo mambo yanapounganika. Maporomoko ya namna ile hayatandazi udongo sawasawa. Vipande vikubwa vya mlima hubaki vizima vikiwa vimetapakaa, na katikati yake hubaki mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Maji ya chini ya ardhi na ya mvua yakaingia kwenye mabonde hayo, na ndiyo Maziwa ya Momella. Mkiwa pale, mwonyeshe binti yako vilima vidogo vya mviringo vilivyozagaa kati ya ziwa na ziwa. Vile ni vipande vya Meru. Anaweza kusimama juu ya kimoja, akanyoosha mkono magharibi kuuonyesha ukuta uliobaki, na hapo atakuwa amekielewa kitabu chake cha shule kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayeweza kumpa darasani.

Baada ya kuporomoka, mlima haukukoma. Ndani ya shimo lile volkano ilianza kujijengea upya, na leo katikati ya kiatu cha farasi kuna kilima cheusi cha majivu chenye umbo safi la koni. Wenyeji wa mlima na waongozaji hukiita Ash Cone. Mtakiona siku ya pili.

Haya, siku ya kwanza. Kutoka mjini fuateni barabara kuu ya Moshi hadi Usa River, kisha mpinde kushoto, mpande kaskazini hadi lango la Ngongongare. Fikeni asubuhi lango linapofunguliwa. Muda mfupi baada ya kuingia mtaona uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo: pundamilia, ngiri, twiga, nyati. Simameni, lakini msikae sana.

Waongozaji wengi hapo hukata kulia kwenda Kreta ya Ngurdoto, yaani shimo la volkano ya zamani, kwanza kwa sababu iko karibu. Mimi nawashauri mwende moja kwa moja Momella na Ngurdoto muiache hadi mchana. Ukingo wa Ngurdoto umo ndani ya msitu, na asubuhi, hasa miezi ya baridi kama Agosti, mara nyingi umejaa ukungu. Utafika, utatazama chini, utaona weupe mtupu. Maziwa nayo ni kinyume: asubuhi upepo haujaanza, maji yametulia, ndege wako karibu na ukingo. Kama Kilimanjaro itakubali kuonekana, basi itakuwa ni saa zile za mapema. Ila Agosti mawingu ni mengi, msiiweke kwenye matumaini ya mama.

Barabara inayazunguka maziwa, hivyo mama ataona kila kitu bila kushuka. Yako maziwa kadhaa: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Kusare, El Kekhotoito, Tulusia. Mtashangaa kwamba hayafanani rangi. Moja ni la kijani, lingine la buluu, lingine lina rangi ya udongo, na mengine mnaweza kurusha jiwe kutoka moja hadi jingine. Sababu ni kwamba hakuna mto unaoyaunganisha. Kila ziwa linapata maji yake kutoka chini ya ardhi, yakiwa yamepita kwenye miamba ya volkano na kubeba chumvi na magadi kwa kiwango chake. Maji yakishafika hayana pa kutokea isipokuwa kupanda hewani kwa jua. Maji yanaondoka, magadi yanabaki, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kila ziwa lina ukali wake wa magadi, kila ukali una mwani wake unaouvumilia, na mwani ndio unaoleta rangi ya ziwa.

Mwani ndio pia unaowaleta heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Heroe mdogo hula viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoota kwenye maji ya magadi. Humeza maji kichwa chini, huyachuja kwa mdomo, na rangi ya waridi ya manyoya yake inatokana na chakula hicho. Mwani ukipungua, anahama. Heroe wa Momella ni haohao wanaokwenda Manyara, Nakuru na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliana sehemu moja tu, Ziwa Natron. Ndiyo maana hakuna mtu mwaminifu atakayekuahidi kuwakuta. Kuna siku ukingo wote ni waridi, kuna siku wako ishirini mbali kabisa. Msimwahidi mtoto heroe. Mwahidini ndege, kwa sababu ndege hawakosekani: mwari, bata, korongo, tai wavuvi.

Kwenye Momella Ndogo kuna safari za mtumbwi, mkiwa na mwongozaji na askari. Hii nawasihi wewe na binti yako msiikose. Mkiwa katikati ya maji mnawaona viboko, mnawaona nyati wakishuka kwenye ukingo, na mlima wote uko mbele yenu bila kizuizi. Vaeni maboya hata kama mnajua kuogelea. Mama abaki garini au kwenye sehemu ya kupumzikia. Kuingia na kutoka kwenye mtumbwi kunataka magoti yanayokunjika, na haitakuwa haki kumwingiza kisha ateseke wakati wa kutoka. Na kuogelea hapana. Viboko ni sababu ya kwanza, na maji yenyewe ni sababu ya pili.

Kuleni chakula cha mchana kwenye moja ya maeneo yaliyotengwa, halafu mrudi kusini hadi Ngurdoto. Kreta hii ni tofauti na Meru. Yenyewe imekamilika, duara lisilovunjika, upana wake kama kilomita tatu, na ni kongwe, imezimika, msitu umeshaivika kuta zake zote. Chini kuna majani na kinamasi. Hairuhusiwi kushuka, na mimi naunga mkono katazo hilo kwa moyo wote: ni sehemu chache sana ambapo nyati, ngiri na nyani wanaishi bila gari wala mtu miguuni mwao, na kazi yetu ni kutazama tu kutoka juu. Chukueni darubini, bila hiyo nyati watakuwa nukta nyeusi. Gari linafika kwenye vituo vya kutazamia na matembezi ni mafupi, mama ataweza, ila akamateni mkono kwa sababu njia za msituni zina utelezi. Njiani mwinue vichwa. Mbega weupe kwa weusi, wenye mikia mirefu ya manyoya, wanakaa juu ya miti hiyo, nao hawana haraka.

Usiku huo, kama mnaweza, msirudi mjini. Upande wa Momella kuna vibanda na viwanja vya kupigia kambi vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na nje ya lango kuna nyumba za wageni. Faida yake ni asubuhi ya pili. Vijiji vya kaskazini mwa lango ni Ngare Nanyuki, na hapo kuna historia ambayo kila Mtanzania angepaswa kuijua akipita: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuliwasilisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Ardhi ile mnayoipita kwa dakika chache ilipiganiwa hadi huko. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1960 ikiwa ni Ngurdoto pekee. Mlima Meru uliongezwa mwaka 1967 na ndipo ikaitwa Arusha.

Siku ya pili ni ya mlima. Kutoka lango la Momella kuna njia ya gari inayopanda msituni kuelekea ndani ya kreta ya Meru. Inataka gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne na dereva aliyeizoea, na Agosti kwa kawaida ni kukavu kiasi cha kupitika. Ila ulizeni langoni asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu mvua ya usiku mmoja hubadilisha mambo. Kwa njia hiyo mama anaweza kufika mahali ambapo wengine wanatembea nusu siku kufika.

Gawaneni hivi: mama na dereva wapande kwa gari taratibu, nyinyi wengine mtembee sehemu ya kwanza na askari, mkutane juu. Njia inapita karibu na maporomoko ya Maio, maji ya baridi yanayodondoka kwenye ukuta wa mawe, na hapo mtoto anaweza kulowesha miguu. Inapita pia chini ya mkuyu maarufu ulioota ukiukumbatia mti mwingine, mti wa ndani ukafa na kuoza, mizizi ya mkuyu ikabaki imesimama pande zote mbili za njia kama mlango. Kila mgeni hupigwa picha hapo, nanyi mtapigwa. Juu zaidi msitu unabadilika, miti inafunikwa na nyuzi za kijivu zinazoning'inia, hewa inakuwa ya baridi, halafu ghafla mnatokea mahali pa wazi panapoitwa Kitoto na ukuta wa Meru uko mbele yenu wote. Ash Cone iko chini ya ukuta huo. Kaeni hapo muda mrefu. Huu ndio mwisho wa safari yenu na ndio uliokuwa lengo tangu mwanzo: jana mlisimama juu ya vipande, leo mmesimama mbele ya jeraha lenyewe.

Neno kuhusu nyati, maana ndio sababu ya bunduki ya askari. Tembeeni kwa mstari mmoja, askari mbele, mtoto katikati, sauti chini. Kundi kubwa la nyati mara nyingi litawatazama kisha litaondoka. Wa kuogopwa ni dume mzee aliye peke yake kichakani, huyo hukasirika akishtukizwa. Askari akiinua mkono, simameni. Akisema rudini, rudini bila kuuliza. Msikimbie kama hakuwaambia.

Sasa kaka yako. Namheshimu mtu anayetaka kilele, na kilele cha Meru kinastahili kutakwa. Lakini kuwa mkimbiaji hakumsaidii pale anapofikiri kunamsaidia. Mapafu na miguu yenye nguvu vinampandisha haraka, na kupanda haraka ndiko kunakoleta maradhi ya mwinuko. Juu kule hewa ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, na mwili unahitaji siku kadhaa kujirekebisha. Hakuna mazoezi ya tambarare yanayoharakisha kazi hiyo. Nimewaona vijana wenye afya kabisa wakitapika na kuyumba pale ambapo mama wa makamo aliyepanda polepole alikuwa anakunywa chai. Kichwa kikianza kuuma, hamu ya kula ikapotea, mtu akatapika, haendelei juu. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba kama mlevi au kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, anateremshwa mara moja, usiku au mchana, kwa sababu hapo ni suala la uhai.

Ratiba inayofaa ni siku nne. Siku ya kwanza kutoka lango la Momella, mita 1,500, hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Ya pili hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, na jioni hiyo kupanda Meru Ndogo yenye mita 3,820 kisha kurudi kulala chini, ili mwili uonje mwinuko na upumzike. Usiku wa kuamkia siku ya tatu, kati ya saa saba na saa nane, safari ya kilele inaanza kwa tochi za kichwani: kwanza Rhino Point, halafu ukingo mwembamba wa kreta, mwamba na majivu yanayoteleza, shimo likiwa kushoto, na sehemu nyingine unatumia mikono. Kilele kinaitwa Socialist Peak, na anayefika alfajiri huona jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro, kama kilomita 70 mashariki. Siku hiyo hiyo anateremka hadi Miriakamba, na ya nne anatoka. Wapo wanaoifanya kwa siku tatu. Miili iliyokwisha kuzoea mwinuko huweza, kama ya mtu aliyetoka Kilimanjaro wiki hiyo. Kwa mtu anayetoka harusini moja kwa moja, sipendekezi. Siku mbili sizijadili.

Mwambie pia kwamba ukingo ule gizani si mgumu kwa sababu ya misuli. Ni mgumu kwa sababu umechoka, una baridi, unasinzia, na hatua moja mbaya haina pa kusimamia. Kuteremka ndiko watu wanakojikwaa zaidi. Aje Januari au Februari, mvua za vuli zikiwa zimeisha na anga likiwa safi, atenge siku nne, achukue mpagazi hata kama anaweza kubeba mwenyewe. Kwa safari hii, mpe kazi ya kutembea kutoka Momella hadi Kitoto kwa miguu yote. Atarudi amechoka na ameridhika.

Umeuliza kama mlima unaweza kulipuka. Meru haujafa, umelala. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, na ulikuwa mlipuko mdogo. Kwa kawaida volkano hupiga hodi kabla ya kuamka: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopanda, ardhi hutikisika mara nyingi, uso wa mlima huvimba, gesi hubadilika, na dalili hizi huanza kabla ya mlipuko. Ukitaka volkano iliyo macho, ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini-magharibi kando ya Natron, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Kwa hiyo mwambie binti yako ukweli wote, usimwambie "hakuna hatari kabisa" wala usimtishe: mlima huu siku moja huenda ukaamka, lakini hakuna sababu ya kuogopa kulala chini yake siku mbili. Hatari yenu halisi pale ni nyati, utelezi na baridi.

Na maji. Miamba ya Meru ina floraidi nyingi sana, na maji yanayopita ndani yake huibeba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa; chemchemi na visima vingi kuzunguka mlima vinazidi hapo mara kadhaa, na maziwa yenyewe yanazidi mno. Ndiyo sababu mtaona watu wengi waliokulia maeneo hayo wana meno ya kahawia. Si uchafu, na tafadhali mtoto asiwacheke wala asiulize kwa mshangao mbele yao. Ni alama ya maji waliyokunywa utotoni wakati meno yalipokuwa yanajijenga, na wengine wameumia hadi mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na wanaofanya kazi hiyo wanafanya kazi kubwa. Kwenu nyinyi siku mbili hazitaharibu meno ya mtu, ila msichote maji ya mito mkidhani mkiyachemsha yamekuwa salama. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi inazidi kukolea. Bebeni maji ya kutosha kutoka mjini, angalau lita mbili kwa kila mtu kwa siku.

Nguo: Agosti ni baridi kweli. Joto hushuka kwa kama nyuzi sita kila mnapopanda mita elfu moja, kwa hiyo asubuhi iliyo ya sweta mjini inakuwa ya koti zito Kitoto. Mama apate kofia, soksi nene na blanketi garini. Nyote viatu vya kufunika vidole, vyenye soli inayoshika, na koti la mvua hata kama anga liko wazi. Vyakula msifunge kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Malipo langoni hayapokelewi kwa fedha taslimu. Mnalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo ni vizuri mwiombe mapema kwa sababu mtandao milimani husumbua. Mtumbwi na askari wa matembezi viombeni siku moja kabla. Raia analipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, lakini lazima athibitishe, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa na binti aje na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Kitambulisho cha mama kiweke wewe mwenyewe kwenye mkoba wako usiku wa harusi, kabla ya vitu havijachanganyika.